Rubani Aliyeshindwa Mtihani na Njia ya Kurudi Kazini



Kila mwalimu amepata kumwona mwanafunzi aliyeshindwa mtihani. Amemwona akiinamisha kichwa, akikunja karatasi yake na kuitia mfukoni, na njiani akitafuta maneno ya kuwaambia wazazi wake. Kwa mtu wa mbali jambo hilo ni dogo, lakini kwa mwenyewe ni kama msiba. Mwezi huu twataka kulitazama jambo hili katika kazi moja ambayo mitihani yake haiishi, nayo ni kazi ya rubani wa ndege za abiria. Twauliza hivi: Mtu aliyejifunza kazi hii miaka mingi, akaingia katika shirika la ndege, kisha akashindwa mitihani, je, aweza kurudi? Na kama aweza, arudi kwa njia gani?

Tumechagua mambo ya Marekani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko habari za mitihani ya marubani huandikwa na kutunzwa kwa sheria, na sheria hiyo ilizaliwa katika misiba. Ya pili, taarifa za misiba hiyo zilitolewa wazi, kila mtu aweza kuzisoma. Lakini somo lenyewe si la Wamarekani peke yao. Vijana wa kwetu nao hujifunza urubani, na kila mmoja wetu apandaye ndege huweka uhai wake mikononi mwa watu waliotahiniwa.

1. MITIHANI YA RUBANI

Yatupasa kwanza kujua rubani hutahiniwaje. Huko Marekani mwanafunzi huanza na ndege ndogo ya injini moja, akapata leseni ya kurusha ndege kwa shughuli zake mwenyewe, pasipo ujira. Kisha hujifunza kurusha kwa kutazama vipimo tu bila kuona nje, maana ndani ya mawingu mwili wa mtu humdanganya. Hudhani yu wima, kumbe amelala upande. Baadaye hupata leseni ya kurusha kwa ujira, na ruhusa ya ndege za injini mbili. Mwisho hutahiniwa kwa leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa mashirika ya ndege. Tangu mwaka 2013 marubani wote wawili waongozao ndege ya shirika la abiria sharti wawe na leseni hiyo. Kwa kawaida hutakiwa saa 1,500 za kuruka, ingawa waliotoka jeshini au katika vyuo fulani hupunguziwa.

Kila ngazi ina mtihani wake. Mtahini humwuliza mwanafunzi maswali kwa mdomo, kisha huruka pamoja naye. Akishindwa hupewa karatasi ya kukataliwa, inayotaja sehemu alizoshindwa. Hawezi kumrudia mtahini kesho yake ili kubahatisha. Sharti arudi kwa mwalimu, afundishwe tena, na mwalimu atie sahihi ya kuwa sasa yu tayari.

Akiisha kuingia katika shirika, hufundishwa ndege ya aina ile atakayoirusha, kwanza darasani, kisha katika simuleta. Simuleta ni chumba kilichofanywa mfano wa sehemu ya mbele ya ndege, chenye vipimo vyote na vyombo vyote vya kuongozea. Husimama juu ya miguu ya chuma iwezayo kukiinua na kukiinamisha, hata aliyemo huona kama yu angani. Babu wa chombo hiki alitengenezwa na Edwin Link, Mmarekani, mwaka 1929. Ndani yake injini yaweza kuwaka moto mara kumi kwa siku moja, wala mtu asidhurike.

Baada ya hapo rubani huitwa tena na tena. Kanuni za ICAO, shirika la mataifa la usafiri wa anga, zasema kwamba ujuzi wa rubani wa ndege za biashara, pamoja na uwezo wake wa kukabili hatari, sharti ukaguliwe mara mbili kila mwaka. Kwa hesabu hiyo mtu aliyefanya kazi miaka 30 amekaguliwa yapata mara 60. Na akishindwa, haruhusiwi kupeleka abiria mpaka afundishwe na kufaulu. Ni wachache miongoni mwetu ambao kazi yao hupimwa namna hiyo.

2. KWA NINI MTU HUSHINDWA

Na tumchukue rubani mmoja awe mfano wetu. Si mtu fulani. Tumemfanya kwa ajili ya somo tu. Alipokuwa mwanafunzi alishindwa mara moja mtihani wa kurusha kwa vipimo, akarudia, akafaulu. Alipoingia katika shirika dogo la abiria alishindwa mtihani wa kwanza katika simuleta, akaongezewa mafunzo, akafaulu. Alipoitwa kukaguliwa tena alishindwa kwa mara ya tatu, na wakubwa wake wakamwambia achague: ajiuzulu mwenyewe, au aondolewe. Ana deni kubwa la masomo, ana mke na mtoto mdogo. Sasa yu nyumbani, na sare yake imetundikwa mlangoni.

Swali la kwanza si kuuliza, "Ni nani wa kulaumiwa?" Swali la kwanza ni, "Alishindwa nini, na kwa nini?" Maana sababu si moja, na dawa ya sababu hii siyo dawa ya sababu ile.

Wako walioshindwa kwa kuwa msingi wao ni mbovu. Walifundishwa upesi upesi katika chuo cha haraka, wakajifunza namna ya kumridhisha mtahini kuliko namna ya kurusha ndege. Wako walioshindwa kwa hofu. Wakiruka na mwenzao ni hodari, lakini akiketi nyuma yao mtu mwenye kalamu na karatasi, mikono hutetemeka na akili husahau. Wako walioshindwa kwa mambo ya nyumbani: mtoto mgonjwa, kifo cha mzazi, usiku mwingi pasipo usingizi. Tena wako, nasi hatuna budi kusema kweli, ambao kazi hii si yao. Wamefundishwa vema, wamepumzika vema, hata hivyo mambo yakija mengi pamoja akili yao haiwezi kuyapanga.

Tutazame mtihani mmoja unaoogopwa sana, ndio ule wa injini kufa wakati wa kuruka. Kabla ya safari huhesabiwa mwendo fulani. Ndege ikiwa haijafika mwendo huo, rubani aweza kuisimamisha katika njia ya kurukia. Ikiisha kuufikia, sharti aruke, maana njia iliyobaki haitoshi tena kusimama. Mtahini huizima injini moja papo hapo. Mara pua ya ndege hugeukia upande wa injini iliyokufa. Rubani sharti akanyage kwa mguu usukani wa mkia, upande wa injini nzima, ainyooshe pua, ashike mwendo wake, na kupanda. Isipokuwa hayo, asiguse jambo jingine mpaka ndege ifike juu mahali pa salama. Aliyefundika vema hufanya machache, tena kwa utulivu. Mwenye hofu hufanya mengi kwa haraka. Mwaka 2015, tarehe 4 Februari, huko Taipei, injini moja ya ndege ya TransAsia ilipoteza nguvu mara baada ya kuruka, na rubani akaizima ile iliyokuwa nzima. Watu 43 walikufa. Basi mtahini anayemkataa rubani mwenye haraka hamfanyii ukatili. Nyuma ya mtihani wako watu wasioonekana, nao ndio abiria.

3. DAFTARI LISILOFUTWA

Zamani rubani aliyeshindwa katika shirika moja aliweza kwenda katika shirika la pili, nalo lisijue habari zake. Tarehe 13 Desemba 1994 ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na uwanja wa Raleigh-Durham, katika jimbo la North Carolina. Katika watu 20 walikufa 15. Wachunguzi waliona ya kuwa rubani mkuu alikuwa ametoka katika shirika jingine ambako kazi yake haikuridhisha, na shirika lililomwajiri halikuwa na habari hizo. Msiba huo ulikuwa mmoja wa ile iliyoleta sheria ya mwaka 1996, iliyoagiza kila shirika liombe habari za rubani kwa waajiri wake wa miaka mitano iliyopita kabla ya kumpa kazi.

Lakini sheria hiyo haikutosha. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilitoka Newark kwenda Buffalo. Ilipokaribia kutua mwendo wake ulipungua mno, na usukani ukaanza kutikisika mikononi mwa rubani mkuu, ndiyo ishara ya kumwonya. Dawa ya hali hiyo ni kuishusha pua na kuongeza nguvu ya injini. Yeye aliuvuta usukani, pua ikainuka, ndege ikakosa nguvu ya kuelea, ikaangukia nyumba. Wote 49 waliokuwamo walikufa, na mtu mmoja ndani ya nyumba ile. Baadaye ilijulikana ya kwamba rubani huyo alikuwa ameshindwa mitihani kadhaa, wala hakuitaja yote alipoomba kazi.

Jamaa za waliokufa hawakunyamaza. Walikwenda Washington mara nyingi, wamechukua picha za wapenzi wao, wakawaambia wabunge yaliyowapata. Mwaka 2010 ikatolewa sheria mpya, iliyoongeza saa za kuruka, tena ikaagiza lifanywe daftari moja la serikali la habari za marubani wote. Kazi ya daftari hilo ilichukua miaka mingi. Nalo lilikuwa halijakamilika tarehe 23 Februari 2019, ndege ya mizigo ya Atlas Air, iliyotoka Miami kwenda Houston, ilipoanguka katika ghuba ya Trinity, Texas, na watu watatu waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walisema kwamba rubani msaidizi aliyekuwa akiirusha alikuwa na historia ndefu ya kushindwa mafunzo katika mashirika ya nyuma, na baadhi ya mashirika hayo aliyaficha alipoomba kazi. Walisema pia ya kwamba serikali ilichelewa mno kulimaliza daftari. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2021, na tangu mwaka 2024 limechukua mahali pa utaratibu ule wa 1996.

Katika daftari hilo zimo leseni za rubani, mitihani ya serikali aliyoshindwa, ajali, adhabu, habari za mafunzo na ukaguzi katika mashirika aliyofanyia kazi, na sababu za kuondoka kwake. Hutunzwa muda wote wa maisha yake. Shirika haliruhusiwi kuzisoma pasipo idhini yake mwenyewe. Naye aweza kuzisoma habari zake, na akiona kosa aweza kuomba lirekebishwe. Tena, na hili litiwe moyoni, sheria haisemi kwamba aliyeshindwa asiajiriwe kamwe. Yasema kwamba mwajiri azisome habari zake na kuzipima kabla ya kumpa ndege.

Basi tuone tofauti. Wahenga walisema, "Kuteleza si kuanguka." Walisema pia, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Methali hizi mbili zakaa pamoja katika jambo letu. Kushindwa mtihani ni kuteleza, na marubani wengi hodari wameteleza. Lakini kuficha ni kukataa kutibiwa, nalo ni jambo jingine kabisa.

4. NJIA YA KURUDI

Sasa tumrudie yule rubani wetu aliye nyumbani. Afanye nini?

Kwanza, asikate shauri siku ya huzuni. Wengi hutia sahihi karatasi ya kujiuzulu saa ile ile, kwa aibu, ili waondoke upesi machoni pa wenzao. Hudhani ya kuwa neno "alijiuzulu" litafunika mambo yote. Halifuniki, maana habari za mafunzo zimekwisha andikwa. Afadhali aombe siku chache, na apate shauri la wenye ujuzi. Huko Marekani wako wazee wa chama cha marubani. Chama kikubwa, ALPA, kilianzishwa mwaka 1931, nacho husaidia wanachama katika mambo ya mafunzo. Pengine atapewa mwalimu mwingine, au nafasi ya kurudia, ambayo hakuijua. Tangu kanuni za mwaka 2013 mashirika ya abiria ya Marekani sharti yawe na utaratibu wa kuwafundisha tena na kuwaangalia marubani waliopungukiwa, si kuwaacha tu.

Pili, aombe karatasi zake zote, azisome. Mtu aliyeshindwa hupenda kusema, "Mtahini hakunipenda," au, "Mimi sifai kitu." Maneno yote mawili ni ya giza, hayafundishi. Karatasi husema wazi: alishindwa kuinyoosha pua injini ilipokufa, alishuka chini ya kimo kilichoagizwa, alisahau kusoma orodha ya mambo ya kukagua. Rubani wetu alipoziweka karatasi zake tatu mezani aliona jambo ambalo hakulijua. Mara zote tatu alishindwa katika kurusha kwa vipimo, wakati mambo yalipokuja mawili pamoja. Kumbe hakushindwa mambo matatu. Alishindwa jambo moja mara tatu. Mara ya kwanza, alipokuwa mwanafunzi, aliongezewa saa chache tu, akafaulu kwa taabu, akapita na udhaifu wake. Udhaifu huo ukamfuata miaka yote.

Tatu, arudi kwenye msingi. Atafute mwalimu mzee asiye na haraka, amwonyeshe karatasi zote bila kuficha hata moja, na kusema, "Nifundishe kama sijui." Hapa kiburi ni adui mkubwa, maana mtu aliyekwisha kupeleka abiria huona haya kuketi tena katika ndege ndogo kama mwanafunzi. Lakini kuuliza si ujinga. Macho yake yafundishwe tena kuvipitia vipimo kwa utaratibu, hiki kisha kile, wala yasikae juu ya kimoja. Tena liko zoezi lisilogharimu hata senti moja. Rubani hubandika ukutani picha ya vyombo vya mbele ya ndege, huketi juu ya kiti cha kawaida, na kufanya safari nzima: mkono wake huenda mahali pa kila chombo, mguu wake hukanyaga, mdomo wake husema kila neno. Mtoto wake atacheka kumwona. Asijali. Marubani wengi wamefaulu katika simuleta kwa kuwa walifanya kazi hiyo nyumbani mara mia.

Nne, autazame mwili wake na nyumba yake. Kama alikwenda kwenye mtihani baada ya juma zima la kukosa usingizi, na aseme hivyo kwa mwalimu wake. Kama ana huzuni kubwa, aonane na daktari. Wako wanaoogopa kwamba wakimwendea daktari watapoteza leseni, basi huchukua mzigo peke yao mpaka uwaangushe. Mke wake naye aambiwe kweli yote, pamoja na hesabu ya deni. Mtu anayeficha jambo nyumbani hawezi kutulia angani.

Tano, ashuke ngazi moja, afanye kazi ya chini kwa uaminifu. Huko Marekani wengi hurudi kwa kuwa walimu wa wanafunzi wapya, wengine kwa kurusha ndege ndogo za mizigo. Kazi ya ualimu ina faida ya pekee, maana anayemfundisha mwenzake jambo mara mia hulijua kuliko alivyolijua alipofundishwa. Zaidi ya hayo, kila leseni mpya na kila ukaguzi atakaofaulu huandikwa chini ya yale ya zamani. Mistari ile mitatu haitafutwa, lakini mwajiri atakayesoma hatakutana nayo peke yake. Ataona pia mistari iliyofuata, na tarehe zake.

Sita, atakapoitwa na shirika jipya, aseme kweli yote, tena mapema, kabla hajaulizwa mara ya pili. Maneno yake yasiwe mengi. Aseme alishindwa nini, kwa nini, amefanya nini tangu siku ile, na matokeo yake ni nini. Kwa mfano: "Nimeshindwa mitihani mitatu, na tarehe zake ni hizi. Yote mitatu ilitoka katika udhaifu mmoja, kwamba sikuvitazama vipimo kwa utaratibu mambo yalipozidi. Nilirudi kwa mwalimu, nikajifunza upya, na kwa miaka miwili nimewafundisha wengine jambo lilo hilo. Tangu hapo nimekaguliwa mara nne, nimefaulu zote." Asimlaumu mtahini, wala asimlaumu mwalimu wa zamani, hata kama walikuwa na kosa. Mwajiri anayemsikiliza hatafuti mtu asiyepata kushindwa. Anataka kujua kama mtu huyu, siku ndege itakapopatwa na hatari, atasema upesi, "Nimekosea, tusahihishe," au atanyamaza.

Je, atapokelewa? Hatuwezi kumwahidi. Yako mashirika yatakayosoma mistari mitatu na kuweka karatasi zake kando. Mengine yatamwita. Mara nyingi yatakayomwita kwanza ni madogo, yenye mshahara mdogo, naye atalazimika kupanda tena kutoka chini. Njia hii yaweza kuchukua miaka. Haraka haraka haina baraka, na katika urubani haraka huua.

5. WASIORUDI, NA WANAOWAZUNGUKA

Tumesema ya kwamba wako watu ambao kazi hii si yao. Ni vigumu kumwambia mtu jambo hilo, hasa akiwa amekopa fedha nyingi na kuota urubani tangu utoto. Lakini mwalimu anayempitisha mwanafunzi kwa huruma humpeleka mahali ambapo siku moja hapana mtu wa kumsaidia. Katika misiba tuliyoitaja watahini na wakubwa waliona udhaifu mara nyingi, na kila mmoja akadhani ya kwamba mafunzo machache ya kuongeza yatatosha. Huruma ya kweli husema mapema, tena kwa upole: "Ndugu yangu, tumejaribu vya kutosha. Tutafute kazi nyingine inayokufaa." Nazo ziko. Ndege moja haiendi kwa marubani wawili tu. Yuko mtu wa chini anayepanga safari, kuhesabu mafuta na kutazama hali ya hewa. Huko Marekani mtu huyo ana leseni yake, naye hushiriki wajibu wa safari pamoja na rubani mkuu. Wako mafundi wa injini. Wako walimu wa darasani. Mtu aliyepata kuruka hufanya kazi hizo kwa ufahamu mwingi, wala hana sababu ya kuona haya.

Nao wanaomzunguka aliyeshindwa wana wajibu. Wenzake wasimkimbie kana kwamba ana maradhi ya kuambukiza. Wazazi wasiseme mbele yake hesabu ya fedha walizotoa. Wakubwa wa shirika wasiufanye mtihani kuwa fimbo, maana mahali ambapo anayeungama kosa hupigwa, watu hujifunza kuficha, na sisi tumekwisha kuona mwisho wa kuficha.

Twamalizia hivi. Rubani wetu hana uwezo wa kuyafuta yaliyoandikwa, wala sisi hatumshauri atamani kuyafuta. Daftari lile liliandikwa kwa ajili ya watu 50 waliokufa karibu na Buffalo, na kwa ajili ya wengine kabla yao na baada yao. Lakini daftari hilo hilo liko wazi kuandikwa tena kesho. Anayekubali kusomwa yote, aweza kuaminiwa. Na asiyepata tena kiti cha mbele katika ndege, akiwa amesema kweli na kujaribu kwa bidii, hakupoteza jina lake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini rubani hukaguliwa mara mbili kila mwaka, hata akiwa mzee wa kazi?

2. Rubani wa mfano wetu alishindwa mara tatu. Aligundua nini alipozisoma karatasi zake pamoja? Wewe ulipata kurudia kosa moja mara nyingi pasipo kulitambua?

3. Kushindwa na kuficha vina tofauti gani? Taja msiba mmoja uliotajwa katika somo hili unaoonyesha tofauti hiyo.

4. Mwalimu afanye nini anapoona ya kwamba mwanafunzi ampendaye hafai kwa kazi aliyoichagua?

5. Kijana wa nyumba yako akirudi leo na karatasi ya kushindwa, neno lako la kwanza kwake litakuwa nini?